Jina la Pazi

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sitaki kukatizwa.

Walikuwapo Wanyamwezi watatu, watani wa mchekeshaji mmoja Mzaramo aitwaye Pazi. Kaseko alijaliwa kumbukumbu: jambo likimwingia halitoki. Mwanaidi alijaliwa kutunga: mpe kisa kikavu, atakurudishia kicheko. Mihayo alijaliwa sauti: akimwiga mtu, mbwa wa mtu huyo humkimbilia yeye.

Pazi alianza kwa kuchekesha harusini, akaingia redioni, akapanda majukwaani, mwisho akaandika vitabu vilivyosomwa barazani watu wakishika mbavu. Kisha akafa ghafla. Mazikoni Mihayo alivaa koti la marehemu, akamwiga mpaka waliolia wakacheka. Ni haki ya mtani. Lakini haki hiyo ina mpaka: kaburi likishafukiwa, mtani hunawa mikono, na marehemu haigizwi tena.

Tangu siku hiyo mama yake Pazi, Bi Sikujua, alikataa kula. Uji uliganda bakulini. Ilipofika arobaini alikuwa mifupa ndani ya kanga.

Kaseko akasema, "Utotoni Pazi aliiba ukoko wa wali, akiulizwa anamsingizia paka. Na paka hawakuwa naye!"

Mwanaidi akakichukua kisa, akakitungia maneno, akaonyesha hata mahali pa kunyamaza. "Hapa usiseme kitu, Mihayo. Mwache mama aingie mwenyewe."

Mihayo sauti alikuwa nayo, ila miguu ilimwia mizito. "Jamani, kaburi limeshafukiwa."

"Basi ngoja wachimbe la pili!" Mwanaidi akamfokea.

Mihayo akasimama nyuma ya mlango wa Bi Sikujua. "Mama! Ukoko kala paka." Akanyamaza.

Ndani ikatoka sauti kavu: "Paka gani, mshenzi wewe? Nyumba hii ina paka?" Bibi akacheka, akalia, akaomba uji, akaukomba.

Mihayo naye alicheka kule nyuma ya mlango, na kicheko hakikuwa chake. Alifunika mdomo kwa kiganja, kicheko kikatokea puani. Nyumbani mkewe aliuliza kutoka uani, "Baba Nyanzobe, una mgeni?"

"Niko peke yangu."

"Sasa nani anacheka?"

Tangu hapo kila akifungua kinywa alitoka Pazi. Akimbembeleza mwanawe, mtoto alizidi kulia, akimtafuta baba.

Bi Sikujua alipopata nguvu aliwaita wote. "Mmenirudishia roho. Mmoja wenu nitampa jina la mwanangu. Nitamwita Pazi, naye ataitika mpaka nife. Mmoja tu; sikuzaa Pazi watatu."

Kaseko akadakia, "Bila kumbukumbu yangu wangekuambia nini, mama? Wangebweka tu!"

"Wewe ulileta mfupa," Mwanaidi akasema. "Nyama nimetia mimi. Na nani kasema mwanamke habebi jina?"

Mihayo aliinamisha kichwa. Akipewa, mkewe atalala na jina la maiti. Asipopewa, atabaki na kicheko kisicho na mwenyewe.

"Mama," alisema, na bibi akageuka upesi, uso umemchanua, kwani aliyeita alikuwa mwanawe. Mihayo aliona uso ule ukimtambua, kisha ukizimika. "Nipe mimi, mama. Au niondolee kicheko hiki."

Bi Sikujua bado yuko pale mkekani, anawatazama mmoja mmoja.

Nawe uliyekaa hapo, usinijibu kwa kunifurahisha. Jina ungempa nani? Na ukimnyima Mihayo, kicheko kile ungekipeleka wapi?