Fisimaji na Mfalme Aliyesema "Siwezi"

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini? Sogeeni niwaambie! Pakawa na nchi ya kaskazini, baridi yake ukitema mate yanaganda kabla hayajafika chini!

Hapo zamani za kale, nyumba tatu za wanyama zilikaa huko. Batamaji alikaa visiwani. Dubu alikaa msituni. Fisimaji alikaa pale bahari inapoingia katikati ya majabali, na kazi yake ilikuwa samaki.

Malkia Batamaji, mwerevu huyo, akaziunganisha nyumba zote tatu chini ya taji moja. Dubu akakaa, akakaa, akachoka. Akatoka kwa meno na makucha! Fisimaji akabaki kwa Batamaji miaka mia nne. Kisha Batamaji akashindwa vita, akamtoa Fisimaji kwa Dubu. Hakumuuliza. Alimtoa kama kuku wa mgeni.

"Usihofu, ndugu yangu," akasema Mfalme Dubu. "Nyumba yako, sheria zako, washauri wako. Mfalme tu ndiye mmoja."

Wakaandika mkataba. Mfalme awe mmoja, na kazi yake kwa Fisimaji iwe kuwateua washauri wa nyumba hiyo. Basi.

Miaka ikapita, wakazaliwa wajukuu na vitukuu. Mkuu wa washauri wa Fisimaji akawa mama mmoja, jina lake Torunn. Kaka yake, Eivind, alipeleka samaki wakavu bandari ya mbali. Huko wakuu wa bandari wakamuuliza, umebeba nini? Akaenda kwa mjumbe wa mfalme aliyewekwa huko, amsemee. Mjumbe alikuwa dubu.

"Samaki?" mjumbe akashangaa, akamgonga mmoja mezani, ko! ko! "Mbona mgumu hivi? Mimi najua magogo. Andikeni magogo!"

Wakaandika magogo. Wakafungua meli, wakakuta samaki. Eivind akatiwa ndani kwa kusema uongo!

Torunn akakimbia kwa Mfalme. "Shikamoo, Mfalme. Kaka yangu yuko kifungoni. Tupe wajumbe wetu wenyewe, wanaojua samaki."

"Haiwezekani," akasema Dubu.

Akarudi mara ya pili, na washauri wote nyuma yake, wanaimba:

*Dubu, Dubu, tusikie,*
*Mwenzetu yuko mbali,*
*Nani atamsemea?*

"Haiwezekani! Na mnaimba vibaya."

Mara ya tatu wakaja na sheria ya wajumbe, imeandikwa tayari. Lililobaki ni Mfalme atie alama ya kidole tu. Dubu akaificha mikono yote mgongoni.

"Basi sisi tunaacha kazi," akasema Torunn. Washauri wakaweka kofia zao chini, moja moja.

Dubu akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Nakataa! Washauri wengine siwezi kuwapata. Okoteni kofia zenu!"

Torunn alikuwa amefika mlangoni. Akasimama. Akageuka.

"Umesemaje, Mfalme?"

"Siwezi!"

"Sema tena, wasikie na walio nyuma."

"Siwezi! Una uziwi wewe mama?"

Torunn akatoka mbio! Akateleza kwenye theluji, akainuka, akateleza tena, mpaka nyumbani. Akawakusanya fisimaji wote.

"Jamani! Kazi ya mfalme kwetu ni ipi?"

"Kuteua washauri!"

"Naye anasemaje?"

"Siwezi!"

"Asiyeweza kazi ya ufalme?"

"Si mfalme!"

"Na kilichotufunga na Dubu ni nini?"

"Mfalme mmoja!"

"Basi fundo limejifungua lenyewe!"

Vigelegele! Lakini Dubu aliposikia, akapanga majeshi mpakani. Vijana wa Fisimaji nao wakanoa meno.

"Asirushe mtu hata jiwe," Torunn akawaonya. "Vita vikianza, kaka yangu atazeekea kifungoni, na nyie mtazikwa."

Dubu akapaza sauti, "Haya ni maneno yako peke yako! Wenzako wananipenda!"

"Tuwaulize," akasema Torunn.

Kila fisimaji akapita. Anayetaka kutoka aweke kombe la chaza wa baharini, anayetaka kubaki aweke koni ya msonobari, tunda gumu la msituni kwa Dubu. Makombe yakawa kilima. Koni zote zikaingia kwenye kofia moja!

Dubu akatazama kilima, akatazama kofia. "Nikishinda vita," akasema polepole, "nitapata kilima kizima cha wasionitaka." Akavua taji. Wakabomoa ngome za mpakani.

Siku hiyo hiyo mjumbe fisimaji akapanda meli. Alipofika tu bandari ile ya mbali, akanusa mzigo, akasema, "Huyu ni samaki, tena wa majira ya baridi!" Eivind akafunguliwa.

Mwaka uliofuata, Torunn akasikia mtu mlangoni.

"Hodi!"

Alikuwa Dubu. Miaka yote ya ufalme wake alikuwa akiingia tu.

"Karibu, ndugu yangu," akasema Torunn, akamvutia kiti.

Basi wenzangu, undugu haufungwi kwa kamba. Anayekupenda hupiga hodi, husubiri uitike.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ikiwa tamu, wagawieni wenzenu. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.