Ng'ombe wa Wasokota Kamba

Hapo zamani, enzi ambazo hata tajiri alilala juu ya kitanda cha kamba, palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Kazija. Alirithi kwa mama yake ua mkubwa wa kusokotea kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na pamoja na ua akarithi sharti: "Kila mtu na kazi yake, tangu jua kuchomoza hata jua kutua. Usiwachanganye watu, mwanangu, watakuchanganyia kamba."

Ikawa hivyo. Mwenye kufukua makumbi ya nazi yaliyozikwa matopeni, alifukua tu. Mwenye kuyaponda kwa rungu, aliponda tu. Mwenye kusokota, alisokota tu. Leo hivyo, kesho hivyo, mwaka ukaenda, mwaka ukaja, hivyo hivyo.

Na maradhi nayo yakagawana kazi. Wafukuaji wakaoza nyayo. Waponda makumbi wakavimba mabega. Wasokotaji wakapinda migongo, viganja vikapasuka kama udongo wa kiangazi. Bi Kazija hakuwa na roho mbaya. Aliwapikia uji wa pilipili manga, akawapelekea mafuta ya kujichua, akafukiza ubani ua mzima kumfukuza pepo wa maradhi, mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Wagonjwa wakapiga chafya, wakarudi kulala.

Siku moja jumbe wa mji akaja mwenyewe. "Bi Kazija, namwoza binti yangu. Wageni wanatoka miji yote, na vitanda vyao vyote vinataka kamba mpya. Usiniaibishe."

"Sikuaibishi, jumbe," akajibu, ingawa nusu ya watu wake walikuwa kitandani. Waliobaki akawahimiza hata wakala wamesimama.

Adhuhuri ya siku ya pili, mfukuaji mmoja, Vuai, akapanda kutoka matopeni, akaosha miguu, akakaa akainyoosha.

"Vuai, kulikoni?"

"Nimechoka, bi mkubwa."

"Jua bado liko utosini!"

"Ndiyo maana nimekaa kivulini."

Watu wakacheka. Kicheko hakikuwa kimesikika uani humo kwa muda mrefu. Bi Kazija akapandwa na hasira. "Basi nenda zako, wala usirudi!"

Vuai akainuka. "Nakwenda. Lakini hawa unaobaki nao, watazame nyayo zao." Akatoka.

Rungu moja likawekwa chini. Likafuata la pili. Mara ua mzima umekaa kitako, kimya. Na katika kimya kile Bi Kazija akasikia kitu ambacho kelele za marungu zilikuwa zikimficha: watu walikuwa wakiugua kwa maumivu, kila mmoja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya.

Ndipo akainuka Mize, mponda makumbi. "Bi mkubwa, nina neno. Msokotaji wetu Bikombo alipolala kwa maumivu ya mgongo, nilikaa mahali pake nikasokota. Kamba niliyoitoa, mashallah, ilifanana na mkia wa paka aliyenyeshewa. Lakini jioni bega langu lilikuwa limepoa! Niliporudi kwenye rungu, likawaka tena. Huyu si pepo. Ni kazi ile ile kukalia kiungo kile kile. Tubadilishane: asubuhi mtu aponde, mchana asokote, kesho afukue. Na katikati tupumzike."

"Na mikia ya paka nimpelekee jumbe?"

Macho yote yakamgeukia Bikombo. Yeye ndiye aliyekuwa na mkono aliourithi kwa bibi yake: aliunga kamba bila fundo kuonekana, na hakuna aliyejua afanyavyo. Mkono huo ndio uliokuwa jina lake na ulaji wake. Mwanawe mdogo alikuwa amesimama mbele yake, kanyoosha mikono, anataka kubebwa, na Bikombo hawezi kuinama.

"Njooni," akasema. "Sogeeni karibu, nitawafundisha."

Ikabaki kwa Bi Kazija na neno la mama yake. Kamba zikiharibika, ataambiwa ameizika sifa ya marehemu kwa mikono yake. Akakaa, akasimama, akakaa tena. Halafu akakusanya kanga zake, akatoka mbio, akamkuta Vuai njiani anatafuna muwa.

"Rudi, mwanangu."

"Nirudi matopeni?"

"Urudi usokote."

Kazi ikageuka. Nyayo zikakauka, mabega yakalala, nyimbo zikarudi. Bikombo akamrusha mwanawe juu, akamdaka, akamrusha tena. Kamba zikatimia kabla ya harusi, na hata mjomba wa bwana harusi, mtu mnene kuliko pipa, alilala bila kamba za kitanda kugusa sakafu.

Jumbe kwa furaha akaleta ng'ombe mwenye maziwa. "Apewe aliyeuponya ua huu. Mmoja tu!"

"Wangu huyo," akasema Mize. "Mlikuwa mkifukuza pepo, mimi nikauona ugonjwa."

"Kuona si kuponya," akajibu Bikombo. "Bila mkono wangu mngesokota mikia ya paka mpaka leo. Ninyi mmepata, mimi nimetoa."

Vuai alikuwa akitabasamu tu, lakini mkewe akajifunga kibwebwe. "Mume wangu hasemi, nitasema mimi! Nani alifukuzwa? Asingekaa yeye, nani angefungua kinywa?"

Sauti ikatoka nyuma: "Na bi mkubwa je? Sote tulisema. Aliyevunja sharti ni yeye."

"Alilolishika yeye mwenyewe!" akadakia mwingine, ua mzima ukaangua kicheko, na Bi Kazija akacheka zaidi ya wote, ingawa, kusema kweli, alipenda sana maziwa.

Wakabishana, wakacheka, wakabishana. Ng'ombe akalia, kiwele kimemjaa. Bi Kazija akaishika kamba ya ng'ombe huyo, asijue amkabidhi nani.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, msimwache mnyama ateseke: kamba hiyo apewe nani?