Walinzi wa Kichwani mwa Faki

Hadithi inabisha hodi!
— Ifungulieni!
Na ikija na uchungu?
— Iingie hivyo hivyo!

Hapo kale, katika nchi ya mikarafuu, alikuwapo mwanamke akiitwa Raya. Alikuwa na mimba ya kwanza. Homa ikamshika. Ikamchoma, ikamtetemesha, ikamlaza.

Sasa nisikilizeni. Kichwani mwa kila mtoto aliye tumboni wamo walinzi, wadogo hata jicho haliwaoni. Hulinda, tena hupalilia. Vijia vya kupitishia sauti na mguso vimeota humo vingi mno. Hivi huvikata, hivi huviacha. Vishindo vya homa ya mama vikawafikia. Wakashtuka, wakaacha kupalilia, wakashika silaha. Adui hakuingia, lakini vijia vingi vikabaki bila kukatwa.

Faki akazaliwa, macho maangavu. Lakini akiitwa, hageuki. Akikumbatiwa, hujikaza. Ngoma ikilia, hupiga mayowe. Hata alipotimu miaka minane, akawa vivyo hivyo.

“Ulikula nini na mimba ile?” Bi Mgeni, mkwewe Raya, akauliza.

“Sikula kitu, mama. Niliugua.”

“Wangapi huugua! Leo tuna harusi. Mpeleke kwenu, wageni wasimwone. Wala usirudi naye.”

Raya akafunga mzigo wake, machozi yanamtoka. Na kusema kweli, zipo siku naye alimchoka mwanawe. Nyinyi je, msingechoka?

Mara ngoma zikaanza uani. Bi Mgeni hakuwa amelala siku kadhaa kwa shughuli. Kichwa kikamuuma kama kinachopasuka, akaanguka chumbani. Wanawake wakajazana. “Mpepeeni!” “Mwiteni jina lake!” “Mwagieni maji!”

Faki akapenya katikati yao. Akawasukuma nje, mmoja mmoja, hata shangazi zake. Akafunga mlango. Akafunga dirisha. Akaketi sakafuni kando ya bibi yake, bila kumgusa. Raya peke yake akaachwa ndani, kwenye kona, mzigo mkononi.

Baadaye Bi Mgeni akafumbua macho. “Nani kafunga?”

“Mjukuu wako.”

“Kajuaje?”

“Yeye huumwa hivyo kila ngoma ikilia, mama.”

Bi Mgeni akamtazama Faki pale sakafuni. Kisha akasema, “Fungua huo mzigo, mwanangu.”

Je, walinzi walirudi kuvikata vile vijia? Hawakurudi. Faki hakucheza ngoma hata alipoota ndevu. Ila tangu siku ile, kila aliyetaka kumuoza mtu nyumba ile aliambiwa: ngoma ipigwe kule bondeni.

Mimi nimeishusha, nanyi ibebeni.
— Tumeipokea!