Saa Iliyosuguliwa kwa Ndimu

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, nafasi ipo. Nina jambo limenichanganya, nataka lituchanganye sote.

Palikuwa na mama mmoja, mtaa mzima ukimwamini kwa amana. Jirani yake, mtu wa kukusanya vitu vya kale, alipotaka kusafiri alimwachia saa kongwe ya Kifaransa ya kuweka mezani, ya shaba iliyopakwa dhahabu.

"Mama, hii ndiyo roho yangu."

"Nenda salama, mwanangu. Utaikuta."

Akaiweka juu ya kabati, haiguswi. Siku ya jirani kurudi, mama akaitazama, akaona imefifia, ina weusi kwenye manakshi. Akaona haya. Amana irudi na uchafu? Basi akafanya kama tunavyoyafanya masinia yetu ya shaba Idi ikikaribia: ndimu, majivu, makumbi ya nazi. Alisugua mpaka mkono ukamuuma. Saa ikang'aa!

Jirani akaja, akaamkia, akaangaza macho chumba kizima.

"Mama, saa yangu iko wapi?"

"Si hiyo mbele yako?"

"Hii siyo."

Mama akacheka, akidhani ni utani. Jirani hacheki. Mama akaapa, na jirani naye akaapa. Haya, nani mwongo hapo? Mbona mnanitazama tu? Mama wa watu machozi yanamtoka, jina lake la uaminifu linapotea akiliona, na saa ni ile ile!

Mwishowe jirani akaigeuza. Kule nyuma, makumbi yasikofika, dhahabu bado ipo, nyembamba kuliko ganda la kitunguu.

"Ni yenyewe," akasema. "Ila dhahabu umeitoa, mama."

"Mimi nimetoa uchafu, mwanangu!"

Sasa tuje kwetu sisi. Mwenyezi Mungu ametuachia watoto. Tunawaona wana kasoro, tunaona haya mbele za watu, tunaanza: maneno makali asubuhi, fimbo jioni, "mtazame mwenzio wa nyumba ya pili." Na nia yetu njema, wallahi! Binti mmoja hapa mtaani alikuwa akicheka mpaka barabarani anasikika. Siku hizi hasikiki. Baba yake ananishika mkono hapo mlangoni, uso umemkunjuka: "Shekhe, alhamdulillahi, mwanangu ametulia."

Ametulia, ndugu zangu, au tumemmaliza?