Nyumba Haikadiriwi Barazani

Nyumba haikadiriwi barazani. Mmelisikia neno hilo leo asubuhi, shangazi yenu Chausiku alipomjibu Saida, ambaye tangu juzi hana wimbo ila yule mchumba wa pikipiki nyekundu na miwani ya jua. Mkacheka, kisha mkaniuliza limetoka wapi. Basi endeleeni kukuna nazi, mikono isilale, nami niwaeleze. Halikutoka mbali. Limetoka mtaa huu huu, kwenye ule mlango wa nakshi mnaoupita kila mkienda sokoni.

Mwenye mlango alikuwa Bi. Shufaa binti Mwinyimvua. Babu yake alikuwa tajiri wa mbata, akajenga nyumba ya vyumba saba. Utajiri ukaja ukaondoka, ndiyo kawaida yake, ikabaki nyumba, na ndani yake Bi. Shufaa peke yake, mjane, akiishi kwa kupika visheti. Kila Idi aliupaka chokaa ukuta wa mbele, na mlango akausugua kwa mafuta ya nazi mpaka unang'aa. Nyuma ya mlango huo paa lilikuwa limeanguka tangu miaka kumi na mmoja, na sebuleni ulikuwa umeota mpapai. Hakuna aliyejua ila shoga yake Mwasiti, maana wageni wote walikomea barazani. Ukimwambia, "Hodi, niingie?" alikujibu kwamba anafagia. Miaka kumi na mmoja anafagia!

Siku moja halmashauri ya mji ikatangaza kodi ya majengo. Kila nyumba itakaguliwa, itapewa thamani yake na kuandikwa daftarini, na kodi itatozwa kwa thamani hiyo. Orodha itabandikwa ukutani, na asiyeridhika atakuwa na siku thelathini za kupinga. Aliyetumwa kukadiria ni Bwana Sengasu, kijana wa kutoka milimani, mpole, aliyelelewa akaleleka.

Bi. Shufaa aliposikia anakuja, mbio kwa Mwasiti akaazime vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Akanunua halua, akatandika mkeka mpya. Sengasu alipofika akaona mlango, akaona mkeka, akaona halua. Na adabu zake nazo zikamfunga miguu, kwa kuwa hakuweza kujiingiza tu katika nyumba ya mama mjane. Akaupima ukuta wa mbele, akaketi, akanywa kahawa.

"Vyumba vingapi, mama?"

"Saba, mwanangu, na sebule."

Hakusema uongo. Vyumba vilikuwa saba kweli, ila vitano havikuwa na paa, na hilo hakuulizwa. Sengasu akasema mashaallah, akaandika, akaongezewa halua.

Orodha ilipobandikwa, nyumba ya Bi. Shufaa ilikuwa ya pili kwa thamani mji mzima, nyuma ya ile ya mwenye kinu cha mafuta. Watu wakamiminika kumpongeza. Naye akawajibu, "Ahsanteni, ni baraka za wazee," akatembea siku mbili shingo juu. Siku ya tatu ikaja hati ya kodi. Angepika visheti miaka mitatu bila kula hata kimoja, asingeweza kuilipa. Na asiyelipa, nyumba yake hupigwa mnada.

Habari hazina mguu lakini hufika. Wiki hiyo hiyo akatokea mnunuzi kutoka mji mkubwa, akaugonga mlango ule kwa kidole kama achaguaye tikiti maji, akasema, "Nauchukua huu, mama. Kodi yako yote inatoka hapa, na chenji inabaki." Bi. Shufaa akamwambia arudi mwisho wa mwezi. Kisha akaenda kwa Mwasiti, akalia.

"Nenda kapinge," Mwasiti akamwambia. "Haki unayo, imeandikwa."

"Nikaseme nini? Kwamba binti Mwinyimvua analala na kuku?"

"Mficha uchi hazai, shoga yangu. Chagua. Ama watu wayaone magofu yako, ama waone mlango wa babu yako ukipakiwa kwenye lori."

Siku zikaliwa moja moja. Ya ishirini na nane Bi. Shufaa akajitanda kanga, akaingia ofisini kwa Bwana Sengasu, akasimama wima.

"Nimekuja kupinga."

"Lakini mama, nyumba ile niliikadiria mwenyewe, kwa macho yangu haya."

"Uliikadiria barazani, mwanangu. Nyumba haikadiriwi barazani. Leo nakukaribisha ndani."

Sengasu akachukua daftari na kamba yake, akawaita na wazee wawili wa halmashauri wawe mashahidi. Nanyi mnaujua mtaa huu: walipofika mlangoni, nyuma yao wamefuatana watu hamsini, na mbuzi wa Mwasiti. Bi. Shufaa akashika komeo. Akafungua.

Jua likawapiga usoni kama wako uwanjani. Mpapai ulisimama katikati ya sebule, umezaa mpaka umeinama, na chini yake jogoo akawatazama kwa hasira ya mwenye nyumba. Sengasu akatazama juu, akaona mbingu. Akatazama daftari lake.

"Vyumba saba, ulisema."

"Ni saba. Viwili vyangu, vitano vya kuku na Mungu."

Aliyeanza kucheka ni Mwasiti. Akafuata Sengasu, kisha wazee, kisha mtaa mzima. Bi. Shufaa akasikia kicheko chake mwenyewe kikimtoka, kicheko kilichokuwa kimefungiwa miaka kumi na mmoja. Ile aibu aliyoiogopa kuliko mnada, alipoigeukia hakuiona. Palikuwa na majirani tu, nao wanaulizia papai.

Sengasu akafuta alichokiandika. "Kosa ni langu," akasema mbele ya wote. "Sheria haikunituma kukisia. Kukadiria ni kuikagua mali ilivyo, ndani na nje, siku ile ile. Mimi niliikadiria halua." Akapima upya chumba kwa chumba, akaandika vyumba viwili, na kodi ikashuka mpaka Bi. Shufaa akaweza kuilipa kwa visheti vyake. Mnunuzi wa mlango alirudi mwisho wa mwezi, akapewa papai, akaenda zake.

Na kwa kuwa sasa watu wameona, hawakuweza kujifanya hawakuona. Huyu akaleta boriti, yule makuti, vijana wakapanda juu. Kabla ya mfungo vyumba vyote saba vilikuwa na paa. Sebuleni waliacha uwazi kidogo, kwa heshima ya mpapai.

Ukadiriaji mwingine ulipofika, Sengasu akaja tena, akasita barazani kwa adabu zake zile zile. Bi. Shufaa akamshika mkono wa shati, akamvuta ndani. Safari hii akaandika vyumba saba vya kweli, na kodi ikapanda. Mnajua Bi. Shufaa alifanya nini? Alipiga vigelegele! Mwanamke wa kwanza hapa kushangilia kuongezewa kodi.

Kwa hiyo, Saida mjukuu wangu, pikipiki ni nyekundu kweli, na miwani tumeiona. Mwambie atupeleke kwao tukamsalimie mama yake, tukae jikoni tukamenye vitunguu pamoja. Nyumba haikadiriwi barazani.