Kiboko Aliyetolewa Sumu

Paukwa.

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mko matangani? Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Utuambie wewe.

Haya. Pakawa dimbwi la maji, na maji yenyewe hayanyweki. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele hakuna kicheko kingi.

Zamani hizo kiangazi kilikaa miaka miwili. Mto ukakatika vipande, vipande vikakauka kimoja kimoja, mpaka likabaki dimbwi moja tu kando ya matete. Nchi nzima ilikunywa hapo. Na humo ndimo alimolala Bwana Kiboko.

Viboko walikuwa saba. Huyu mmoja akawauma wenzake sita, wakaondoka. Akabaki yeye na tumbo lake. Usiku alitoka, ndi, ndi, ndi, akala majani ya swala, akala majani ya pundamilia, akala mpaka mizizi. Alfajiri akarudi, chubwi, akalala majini mchana kutwa. Na alichokula usiku alikitoa mchana, humo humo majini. Mmenielewa. Siendelei, maana wengine hapa hamjala.

Maji yakawa kijani. Kisha yakawa kahawia. Kisha yakawa mazito kama uji wa jana, na samaki wakaelea tumbo juu.

Sasa, kando ya dimbwi hilo aliishi Bi Sange. Sange mnamjua? Mdogo kama panya, pua ndefu, miguu myembamba kama njiti. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Machano akanywa maji ya dimbwi, akaharisha siku mbili, akafa. Mize akanywa maji ya dimbwi, akaharisha siku moja, akafa. Akabaki Kidawa, na Kidawa naye alikuwa amelala shimoni, macho yamezama. Maji mengine hayakuwapo. Mama alimnywesha yale yale yaliyowaua ndugu zake, tone kwa tone, huku analia.

Kiboko naye alikuwa mgonjwa, wa shibe. Tumbo linamkata, usingizi hapati, kinywa kinanuka mpaka mwenyewe anageuza shingo. Yangeyange, yule ndege mweupe aliyesimama mgongoni mwake siku zote, akamwambia, "Bwana, hiyo ni sumu. Mwili wako umejaa sumu. Siku hizi wakubwa wote wanatolewa sumu."

"Anatoa nani?"

"Mwite Bi Sange. Anajua majani yule."

Bi Sange akaitwa, akaja, akasimama ukingoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Nina sumu. Nitoe."

Bi Sange akamwambia ukweli mtupu, kama alivyofundishwa na mama yake. "Bwana, mwili una mfagiaji wake. Ni ini, na figo humsaidia. Wanafagia mchana na usiku, hawaombi dawa. Wewe unawatupia taka kuliko wanavyofagia. Kula kidogo, ule majani mabichi. Kunywa maji safi. Tembea. Lala. Wenyewe watafanya kazi yao. Na haya maji, bwana, yanatuua. Nimeshazika watoto wawili."

"Pole," akasema Kiboko. "Mngechemsha."

Kisha akapiga mwayo. "Nimekuomba dawa, umeniletea mawaidha. Kula kidogo, hata marehemu mama aliniambia. Mimi nataka kitu cha kutoa sumu, ninywe, itoke, niendelee kula. Kesho usipokuja nacho nitalikanyaga hilo shimo lako."

Bi Sange akarudi nyumbani. Akamgusa Kidawa pua, akaikuta kavu. Hasira ikampanda, hasira ya mnyonge, ambayo haina pa kwenda ila kwenye akili.

Hapa niwape siri. Kiboko akikaa juani, ngozi yake hutoka majimaji mekundu. Si damu, si maradhi, ndivyo alivyoumbwa, ngozi isiungue. Lakini huyu wetu mchana hakutoka majini, na usiku rangi haionekani. Hakujua. Bi Sange alijua, kwa sababu aliwaona wale viboko sita walivyofukuzwa, wakienda zao juani, migongo myekundu.

Asubuhi akaja na kipande cha shubiri.

"Kidogo hivi?" akauliza Kiboko.

"Dawa si ukubwa, bwana. Dawa ni masharti."

Kiboko akachangamka. Mnajijua wenyewe, mganga asiye na masharti mnamwona tapeli.

"Sharti la kwanza," akasema Bi Sange, "usile usiku. Utakula alfajiri, majani mabichi, kinywa kimoja. Sharti la pili, utakunywa maji ukingoni, mdomo tu, mwili usilowe. Sharti la tatu, mchana kutwa utembee juani. Sumu itatoka. Lakini ukiingia majini kabla haijakwisha, itarudi ndani yote, na ikirudi haitoki tena."

"Nitajuaje kama inatoka?"

"Utaiona kwa macho yako."

Kiboko akameza shubiri, akakunja uso, akapanda ukingo. Jua likampiga. Akatembea, ndi, ndi, ndi. Mara, to. To. To. Majimaji mekundu yakamtiririka mabegani yakadondoka vumbini.

"Bi Sange, njoo uone."

"Naona, bwana."

"Nilikuwa nayo yote hii?"

"Yote."

"Imekwisha?"

"Bado. Ingali inatoka."

Siku ya pili Kiboko akala kinywa kimoja, akanywa kwa mdomo tu, akatembea. Ndi, ndi, ndi. To, to, to. "Imekwisha?" "Bado. Ingali inatoka."

Siku ya tatu akala kinywa kimoja, akanywa kwa mdomo tu, akatembea. Ndi, ndi, ndi. To, to, to. "Imekwisha?" "Bado. Ingali inatoka."

Huku nyuma dimbwi likatulia. Tope likazama, matete yakafanya kazi yao ya kuchuja, na upande mmoja, palipokuwa na chemchemi ndogo chini, maji yakaanza kuwa maji. Bi Sange akamnywesha Kidawa hayo. Siku ya nne Kidawa akafumbua macho. Siku ya tano akaomba mengine.

Na Kiboko naye alikuwa anapona. Msinitazame hivyo, alikuwa anapona kweli. Tumbo likaacha kumkata. Usingizi ukaja, mzito, wa kukoroma. Kinywa hakikunuka tena. Yale aliyoambiwa siku ya kwanza, ale kidogo, anywe, atembee, alale, ndiyo hayo hayo aliyokuwa anafanya. Yalipoitwa ushauri aliyacheka. Yalipoitwa masharti aliyashika kwa mikono miwili. Mimi hapa huwa nasikia uchungu, wala simwonei Kiboko peke yake.

Tena alikuwa amebadilika hata ulimi. Siku ya tano alimwuliza Bi Sange, "Mtoto ameamkaje?"

"Salama, bwana," akajibu Bi Sange, akatazama chini.

Siku ya sita Kiboko akasimama ukingoni, mwembamba, macho yanang'aa. "Bi Sange, nimepona. Leo naingia majini. Na usiku nitakula. Nina njaa ya siku sita, nitaanza na bonde la pundamilia, nimalizie kwa swala."

Bi Sange akatazama maji. Yalikuwa yametulia nusu. Chubwi moja tu, tope lote litapanda, na Kidawa atarudi kunywa uji. Alimwonea huruma yule mkubwa? Alimwonea. Mnyama aliyemjulia hali mtoto wake huwezi kumchukia moyo wote. Lakini aliwakumbuka Machano na Mize, na midomo yao ilivyokuwa mikavu.

"Kwani imekwisha?" akauliza Kiboko, kwa kuwa alikuwa amekwishazoea kuuliza.

"Bado," akasema Bi Sange. "Imebaki ile sugu, ya ndani kabisa. Hiyo haitoki hapa. Inatoka kwenye mbuga ya magadi, kule kusiko na mti. Ukifika kule jua likiwa utosini, itatoka yote."

"Utakuja nami?"

"Nitakuja. Mganga hamwachi mgonjwa wake."

Akamwacha Kidawa kwa jirani yake Kwale, akapanda nyuma ya sikio la Kiboko, wakaenda. Ndi, ndi, ndi. Miti ikapungua. Ndi, ndi, ndi. Majani yakapungua. Wakaingia kwenye magadi, ardhi nyeupe, jua juu na jua chini. To, to, to.

"Imekwisha?"

"Bado."

Ndi. Ndi. To. To.

"Imekwisha?"

"Bado, bwana."

Jua likafika utosini. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupauka, ikaanza kulia, kra, kra, inapasuka. To ikakaa kidogo. To ikakaa sana. Kisha haikuja nyingine.

Kiboko akalala chini. "Bi Sange, siisikii ikidondoka."

Bi Sange akateremka, akamzunguka mwili mzima. Hapakuwa na tone.

"Imekwisha?" akauliza Kiboko.

"Imekwisha, bwana."

"Yote?"

"Yote."

"Basi nirudi majini."

"Rudi, bwana."

Kiboko akainua miguu ya mbele, akaiweka chini. Akainua tena, akaiweka chini. "Najisikia mwepesi," akasema. "Tumbo haliumi kabisa. Ahsante, Bi Sange. Nisalimie mtoto."

Hakusema tena. Bi Sange akakaa kwenye kivuli cha mwili ule mpaka jua liliposhuka, kwa kuwa mbuga nzima haikuwa na kivuli kingine. Kisha akashika njia. Safari ambayo Kiboko aliikata asubuhi moja, yeye kwa miguu yake ilimchukua siku tatu.

Alipofika, dimbwi lilikuwa jeupe, chini unaona mchanga. Swala wanakunywa, pundamilia wanakunywa. Kidawa alimkimbilia kwa miguu yake mwenyewe.

"Mama, mgonjwa wako amepona?"

"Amepona. Anakusalimu."

Bi Sange akamkumbatia, akamnusa kichwa, akalia mpaka mtoto akaogopa. Alikuwa amepata alichokitaka, na hakuna aliyemwambia kwamba kitakuja na uzito huo.

Ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini Yangeyange, aliyekuwa hana tena mgongo wa kusimamia, alizunguka nchi nzima akitangaza: Kiboko alitolewa sumu akapona, akawa mwepesi, akaenda zake. Kesho yake asubuhi kulikuwa na msururu mlangoni kwa Bi Sange. Nyati yuko mbele, nyuma yake Ngiri, nyuma yake Pofu na mkewe.

"Bi Sange, hujambo," akasema Nyati. "Tunataka ile ya Kiboko."

"Bwana Nyati, nenda ukalale. Huna ugonjwa."

"Unaninyima?"

"Nakuambia kweli. Kiboko amekufa. Nilimuua mimi."

Wakatazamana. Nyati akacheka, akawageukia wenzake. "Mnaona wanavyoficha dawa zao?" Kisha akamsogelea Bi Sange, akainamisha pembe, akasema kwa upole, "Sisi tutayafuata masharti, mama. Yote. Tutajie tu."

Bi Sange akamshika Kidawa mkono, akakimbia. Ndiyo maana mpaka leo sange hakai. Akisikia hatua tu, fyuu, ameingia majanini. Watu husema anaogopa kukanyagwa. Sivyo, anaogopa kuombwa dawa.

Hadithi yangu imekaukia hapo. Mwenye maji anywe, asiye nayo ameze mate.

Na funzo lake, maana najua mtaniuliza: mganga akikupa masharti, yashike mpaka mwisho. Kiboko aliyashika yote, na tangu siku ile hajaumwa tumbo hata mara moja.