Nyasi za Kaburi la Limi

"Ukihurumia nyasi, utaulilia msitu." Mmeyasikia maneno haya leo asubuhi, mganga wa zahanati alipomwambia mama yenu mdogo aache kumzuia asipasue jipu la mtoto. Mnaniuliza, nyasi na jipu vina uhusiano gani? Kaeni niwaeleze yalikotoka. Mimi nilisimuliwa na bibi yangu mzaa mama, naye alikuwapo yaliposemwa kwa mara ya kwanza.

Zamani, kijiji chetu hakikuwa hapa. Kilikuwa mashariki, mwendo wa siku mbili, katikati ya msitu wa miombo. Watu wa huko walikula msitu. Masika walichuma uyoga chini ya miti, kiangazi wakarina asali katika mizinga waliyoitundika kwenye miti mikubwa iitwayo mitundu. Na kila mwaka, mvua zikishakatika na nyasi zikiwa bado na unyevu, msitu ulichomwa. Moto huo ulikuwa mfupi, haukufika magotini. Ulikula nyasi na majani makavu ukapita, na miti mikubwa, kwa ugumu wa magome yake, haikujali.

Kazi ya kuwasha moto huo ilikuwa ya mtu mmoja, Kasanda, aliyeirithi kwa baba yake. Alikuwa mtu mpole, msemaji kidogo. Mkewe aliitwa Kalunde. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka miwili, Limi. Mwaka mmoja, wakiwa mlimani, kambini kwenye mizinga, Limi alishikwa na homa, na kabla hawajamfikisha kijijini akafariki. Wakamzika hukohuko mlimani, kando ya mche wa mninga uliokuwa na kimo chake.

Ulipofika wakati wa kuchoma, Kalunde alimfuata mumewe mlangoni.

"Baba Limi, usipitishe moto pale."

"Mama Limi, moto wa sasa hauumizi ardhi. Utapita tu."

"Utaunguza ule mche. Nyasi zimeanza kumfunika mtoto, zimekuwa kama shuka. Nawe unataka kumfunua?"

Kasanda alichukua kienge, mwenge wake wa nyasi kavu. Alikwenda, akaacha upande ule bila kuuchoma, kiasi cha shamba moja.

Mwaka wa pili nyasi za pale zilikuwa zimepita kiuno, na wanawake wakafurahi kupata za kuezekea. Kasanda aliona kwamba akiwasha karibu, moto ungezifuata, kwa hiyo akaacha eneo kubwa zaidi. Mwaka wa tatu aliacha mlima mzima. Mzee Ngasa, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alimwita.

"Kasanda, nyasi za miaka mitatu si nyasi tena. Ni kuni."

"Najua, mzee."

"Kama unajua, unangoja nini?"

"Nangoja mama yake Limi apoe, mzee. Mwakani nitachoma."

Ngasa alimtazama, akamwonea huruma naye, akamwacha aende. Alikuwa amezika watoto wawili mwenyewe.

Mwezi wa kumi mwaka huohuo, miombo ilipokuwa inatoa majani mapya mekundu, ukazuka moto mashariki. Hakuna aliyejua ulianzia wapi. Ilikuwa mchana, na upepo ulikuwa unavuma kuelekea kijijini. Watu walipouona moshi, Kalunde alichukua jembe akakimbilia mlimani. Mumewe alimfuata, akamkuta anapalilia kaburi kwa nguvu zake zote, nyasi zikiwa zimemzidi kimo.

"Acha, Mama Limi! Twende!"

"Nisaidie nisafishe hapa! Shika upande ule!"

Kasanda alimnyang'anya jembe, akalitupa. Akamburuta hadi kwenye mbuga ya chini ambayo alikuwa ameichoma mapema. Pale palikuwa na majani mafupi tu, moto usingekuwa na la kula.

"Kaa hapa, usiondoke," akamwambia. "Vijana wa Ngasa wako juu kwenye mizinga. Hawajauona moto, wako nyuma ya kilima."

"Usiende. Baba Limi, nakuomba."

"Mimi ndiye mwenye moto wa kijiji hiki. Niwaache?"

Akapanda. Kalunde alimwona anaingia katika nyasi, kisha hakumwona tena. Moto ule haukutambaa. Ulipanda matawini, ukawa unaruka kutoka mti hadi mti, na mitundu ambayo babu zao waliikuta imekua ilipasuka kwa sauti iliyosikika hadi kijijini.

Vijana wa Ngasa walikuwa wameshasikia harufu ya moshi, wakashukia njia nyingine. Walifika nyumbani wazima, wakaulizwa, "Kasanda yuko wapi?" Hawakuwa wamemwona. Alipatikana kesho yake. Waliomleta hawakumruhusu mkewe afunue mkeka.

Kaburi la Limi walilitafuta wasilione. Mlima wote ulikuwa jivu, na mche wa mninga ulikuwa umeungua hadi mizizi. Mvua zilipokuja, zilichukua udongo ule mweusi zikaushusha mtoni. Uyoga haukuota. Nyuki hawakurudi, kwa kuwa hapakuwa na ua. Baada ya misimu miwili ya njaa, watu walifunga mizigo, wakahamia hapa tulipo.

Wakati wa matanga hakuna aliyemlaumu Kalunde, wala yeye hakujitetea. Misimu yote miwili hakuitaja siku ile. Lakini walipofika hapa, na ikaulizwa nani atashika moto wa kijiji kipya, alisimama yeye. Wanaume walitazamana. Mzee Ngasa akasema, "Mpeni."

Bibi yangu, wakati huo bi harusi mgeni, alifuatana naye mwaka wa kwanza. Walifika mahali ambapo miche midogo ya mninga ilikuwa imechipua kati ya nyasi, laini, yenye kupendeza. Bibi yangu akasema, "Mama, hapa tupaache. Angalia ilivyo michanga. Tuihurumie mwaka huu tu."

Kalunde aliinama, akaushika mche mmoja kwa vidole viwili. Bibi alidhani amekubali. Kisha akainuka, machozi yanamtiririka, akashusha kienge hadi nyasi zikashika.

"Mizizi itachipua tena," alisema. "Mwanangu, ukihurumia nyasi, utaulilia msitu."